Bega Lililosema Uongo

Sensei alipiga makofi mawili, na ukumbi mzima ukashusha pumzi kama tairi lililokanyaga msumari.

Makofi mawili katika dojo ile, ukumbi wa mazoezi, hayakuwa pongezi. Yakitoka kwa Sensei, mwalimu, yalikuwa na maana moja tu: kaa chini, umeshindwa. Basi Miwani, msichana aliyekuwa katikati ya mikeka akifanya mtihani wa mkanda mweusi, akapiga magoti, akaweka viganja juu ya mapaja, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa mkeka. Hakulia. Hakuuliza. Aliinuka, akamwinamia na yule aliyemharibia mtihani, kama adabu ya mahali pale inavyotaka, kisha akatoka bila kugeuza shingo.

Yule aliyemharibia alibaki amesimama na upanga wake wa mbao mkononi, kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga sokoni na mama asiyemjua.

Alikuwa fundi wa lifti. Ndiyo maana wenzake walimwita Lifti, jina lililomkaa vizuri zaidi ya walivyokusudia, kwa sababu kila alipomwona Miwani, kitu fulani kifuani mwake kilipanda na kushuka bila mtu kubonyeza kitufe. Yeye na Miwani walidhani pale mazoezini wanayajua mambo hayo wawili tu. Wapi! Dojo nzima ilijua. Hata wateja wa duka la rangi lililokuwa ghorofa ya chini walijua, na wao huja mara moja kwa mwaka kununua rangi ya geti.

Kosa lake lilikuwa hili. Pale walifundishwa jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kukwepa na kuangusha, na pale hapakuwa na mtu aliyepata mkanda kwa kupambana na muigizaji. Mtahiniwa humchagua mwenyewe wa kumshambulia. Mshambuliaji huinua upanga wa mbao, akauteremsha katikati ya kichwa, kwelikweli, kiasi kwamba mwenzake akizubaa atarudi nyumbani na nyuzi kichwani. Kazi ya mtahiniwa ni kutokuwepo pale upanga utakapofika. Mshambuliaji akiogopa, au akiona huruma, akaupitisha pembeni, basi mtihani hakuna. Na uchungu wa sheria ile ni kwamba mwongo haadhibiwi. Anayekalishwa chini ni aliyedanganywa.

Lifti alikuwa ameupitisha pembeni. Si kidogo. Hata bibi kizee angepita katikati na kikapu.

"Nusu saa, chai," alisema Sensei. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye lile duka la rangi, aliyesomea Japani ujanani na kurudi na magoti mabovu na maneno yasiyo na punguzo. "Anayetaka kurudia ataniambia nani wa kumshambulia. Yule yule au mwingine." Akamtazama Lifti kama anavyomtazama mteja anayerudisha kopo la rangi huku nusu ameshapaka.

Lifti akaweka upanga ukutani, akatoka mbio.

Alimkuta Miwani kwenye sinki la korido, bomba limefunguliwa, uso unachuruzika maji. Alikuwa fundi wa kukata vioo vya miwani katika duka moja mjini, na yake mwenyewe ilikuwa minene kama chini ya chupa. Mazoezini aliivua. Bila ile miwani macho yake yalikuwa makubwa, ya wazi, kama nyumba iliyotolewa mapazia, na Lifti kila akiyatazama aliona haya kama aliyechungulia kwa watu.

"Miwani..."

"Usiniite."

"Nikuiteje basi?"

"Usiniite kabisa. Nani kakwambia ni lazima?"

Lifti akakuna shingo. Alipokosa la kusema, alikuwa na tabia ya kutupa utani mbele kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. "Mkono umeteleza. Jasho."

"Jasho?"

"Siku hizi jua kali."

"Tuko ndani."

"Sasa wewe umeonaje kama nimepiga pembeni? Bila miwani wewe hata nguzo unaiamkia. Juzi uliliamkia shikamoo jaketi langu, limetundikwa msumarini."

Mdomo wa Miwani ulitaka kucheka. Ulitetemeka pembeni kidogo, Lifti akaona mwanga. Kisha ukafungwa, mwanga ukazimika.

"Ndiyo sababu nimeona," alisema. "Upanga siuoni mimi. Kwangu ni ukungu tu. Ninachokiona ni bega. Bega la mtu anayekuja kweli linashuka lenyewe, halina mjadala. Lako lilipinda kabla hujafika. Bega lako limenidanganya, na wewe ukalifuata."

"Sikutaka kukuumiza."

"Nani kakuomba?"

Swali lilikuwa la hasira tu, halikutafuta jibu. Lakini lilimchoma Lifti palepale penye kidonda, kwa sababu yupo aliyemwomba. Akatazama bomba.

"Wanaonihurumia mjini hapa ni wengi, wa bure kabisa," Miwani aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, jambo baya zaidi kuliko kelele. "Kazini wananinyang'anya ngazi nisije nikaanguka. Nyumbani nikishika kisu kila mtu anasimama. Hapa tu ndipo ninapohesabiwa mtu mzima. Hapa mtu akija, anakuja. Nikasema leo, siku yangu, anishambulie nani? Nikakuchagua wewe. Na wewe ukanifanya yai."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi? Sema. Nitakusikiliza mpaka maji yakatike."

Lifti alikuwa mtu wa kufungua mlango wa lifti iliyokwama katikati ya ghorofa, akawatuliza watu waliomo gizani kwa vichekesho, mmoja mmoja, mpaka wote wakatoka wanacheka. Leo ulimi ndio uliokwama, na fundi hakuwepo.

Miwani akafunga bomba. "Nitamchukua Bonge."

"Bonge? Yule muuza nyama? Ana mikono kama sepetu!"

"Bonge hanipendi. Kwa hiyo atanipiga vizuri."

"Na mimi?"

Alijipangusa uso kwa mkono wa koti lake jeupe, taratibu, na alipomaliza macho yalikuwa mekundu. "Mtu nisiyeweza kumwamini na kipande cha ubao, nitamwaminije na maisha yangu? Jumapili hii usije tena nyumbani. Nitawaambia umepata safari."

Akaondoka, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Lifti akabaki na harufu ya sabuni na ya rangi mbichi iliyopanda kutoka dukani chini.

Sasa, msomaji, usimhukumu upesi. Jumapili iliyopita alikuwa amekwenda kwa kina Miwani kujitambulisha. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Mama yake Miwani alimpokea, akamkalisha, akamtuma binti jikoni. Lifti akajiandaa kuulizwa mshahara, ukoo, na kwa nini hadi umri huu bado anakaa chumba cha kupanga. Mama hakuuliza hata kimoja.

"Kijana," alisema, "mimi sina masharti. Nina ombi moja. Mwanangu usimwinulie mkono. Wala fimbo. Hata kwa mchezo, hata huko kwenye Ujapani wenu. Niapie."

Na mapenzi yanavyomfanya mtu mjinga, Lifti aliapa kabla hajafikiri. "Naapa, mama."

"Na yeye asijue kwamba nimekuomba. Atanicheka."

Akaapa na hilo. Kwa wiki nzima alijiona bingwa. Leo, mama mwenyewe amekuja kutazama, akakaa kwenye benchi karibu na viatu, na Lifti alipoinua upanga alimwona kwa pembe ya jicho ameshika moyo. Bega likapinda.

Sasa Lifti akamkuta mama palepale kwenye benchi, mkoba magotini, chai imepoa mkononi.

"Asante kijana," mama alimpokea kwa tabasamu lililomuumiza kuliko teke. "Nimekuona. Umepitisha mbali kabisa. Mtu anayetimiza neno ni adimu siku hizi."

Lifti hakukaa benchini. Alikaa sakafuni, kati ya viatu vya watu, chini ya miguu ya mama. "Mama, nimekuja kukurudishia ahadi yako."

"Ahadi si bakuli la jirani hata irudishwe."

"Najua. Lakini nikikaa nayo nitaivunja kwa siri, na siri nimechoka nayo. Afadhali nije nayo mkononi."

Tabasamu likaondoka. "Unataka kumpiga mwanangu."

"Nataka kumshambulia kwa kweli, bega lisipinde kama lilivyopinda, ili yeye akwepe kwa kweli. Nimemharibia mtihani, mama. Yale makofi mawili yalikuwa yangu, amekalishwa yeye."

Mama aliweka kikombe chini. Kidole chake kikawa kinafunga na kufungua kishikizo cha mkoba. Alipozungumza, alizungumza na mkoba.

"Dada yake unamjua?"

"Nimemwona Jumapili. Alinifungulia mlango."

"Alirudi nyumbani na mfuko mmoja wa plastiki na mkono umefungwa plasta. Mume wake alikuwa mpole kuliko wewe. Alikuwa akija ananiamkia mpaka naona haya, akiondoka anaosha kikombe alichonywea. Nikawaambia majirani, mimi nimepata mkwe." Kishikizo kikafunga, kikafunguka. "Mkono ule nimeuogesha mimi, kama alipokuwa mchanga. Kijana, siku mkono wa mumewe ulipoinuka, mimi sikuwepo. Unataka leo niwepo?"

Lifti alitafuta utani mfukoni mwake, hakuupata. Ikawa afadhali.

"Mama, kazini kwetu lifti inajaribiwa breki," alisema mwishowe. "Tunaipakia vyuma, tunaiachia ishuke kwa kasi yake. Inapiga kelele, jengo linatetemeka. Fundi mwenye huruma akiishusha polepole, breki itaonekana nzima. Ubovu utajulikana siku watu wamo ndani."

"Mwanangu si lifti."

"Si lifti. Fundi mwenye huruma ndiye mimi." Akainua uso. "Alianza mazoezi mwezi ule ule dada yake aliporudi. Unajua?"

"Najua. Nilidhani anapunguza unene."

"Aliniambia kwamba mkono mwingine ukiinuka nyumbani kwenu, usimkute mtu amefumba macho."

Mama akageuka upande. Pale mlangoni Miwani alikuwa amesimama, mkono umeshika ukuta. Amesimama tangu lini, hakuna aliyejua.

"Mama," alisema. "Ulimwapisha?"

"Wewe kunywa chai."

"Mama!"

"Ndiyo, nimemwapisha! Ningemwapisha na yule mama wa rangi kama ningepata nafasi. Mimi ni mama, kazi yangu nyingine ni ipi?"

Miwani alikuja, akapapasa, akakanyaga viatu vya watu, akapiga magoti mbele ya benchi. Alimshika mama mikono yote miwili pamoja na mkoba. "Mama, mimi sijifunzi kupigwa. Najifunza kubaki nimesimama."

"Na akikupata?"

"Nitakuwa na nundu. Dada hakuvunjwa na nundu. Aliniambia mwenyewe, kilichomvunja ni kwamba hakujua pigo linakuja."

Miwani akageukia kile kivuli kilichokaa sakafuni. "Na wewe. Ukaapa."

"Nikaapa."

"Pale kwenye sinki kwa nini hukusema?"

"Neno lilikuwa la mama. Nisingekwambia kabla sijamrudishia mwenyewe."

"Kwa hiyo ungeniacha nikuache, nimchukue Bonge, na Jumapili nikutunge safari?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe," alisema Miwani, na ni mara ya kwanza siku ile sauti yake kupata sukari. "Mjinga mkubwa, mjinga wa maghorofa."

"Sijaruhusu," mama akakata. Alikuwa amesimama, mkoba kifuani. "Msinichekeshe mkadhani nimeruhusu. Kijana, ulichoapa umeapa. Ukimwinulia mwanangu lile gongo, mlango wangu utausikia kwa majirani."

"Nimesikia, mama," alisema Lifti, akainuka.

Sasa alikuwa na milango miwili, na mmoja ukifunguka mwingine unafungwa. Akipiga pembeni, binti atampita mtaani kama nguzo asiyoijua. Akipiga kweli, ataoa kwa nani, kwa ukuta?

Kwenye mikeka, Sensei alikuwa ameshamaliza chai. Wanafunzi walikaa kwa mstari, migongo imenyooka. Bonge alikuwa akikaza mkanda, jasho linamtoka, kwa kuwa habari za korido hupita chini ya mlango. Miwani akatembea mpaka katikati, akainama.

"Narudia, Sensei."

"Nani wa kukushambulia?"

Alizungusha macho yake makubwa yasiyoona, akipita juu ya watu mmoja mmoja. Hapo Lifti alielewa kwamba neno la kuchagua lilikuwa la binti, na kwamba hakuna mwingine anayeweza kulisema.

"Lifti," alisema Miwani.

"Afadhali," Bonge akapumua, na watu wakacheka kwa mikono mdomoni.

Lifti akachukua upanga. Wakainamiana. Alipoinua kichwa, msichana alikuwa mbele yake, mikono imelegea, nywele zimenata pajini kwa maji ya sinki, na macho yale yametulia juu yake bila kumwona. Hakuna aliyewahi kumsubiri namna ile. Alitamani autupe upanga akamshike uso. Nyuma yake akasikia kishikizo cha mkoba kikifunguka.

Samahani, mama, alisema moyoni.

"Hajime!" Sensei alipiga ukelele. Anza.

Akapiga. Alipiga na wiki nzima, na Jumapili, na sinki, na yote aliyoshindwa kuyasema. Upanga ukashuka na mlio wa hewa, katikati kabisa, palepale pajini alipotamani kuweka midomo.

Paji halikuwepo.

Kulikuwa na mkono laini juu ya kifundo cha mkono wake, nyonga ikageuka mahali fulani chini ya tumbo lake, taa za dari zikapita, ukuta ukapita, Bonge akapita kichwa chini. Kila mwanafunzi wa pale hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kusimama: pumua, kidevu kifuani, piga mkeka kwa mkono. Lifti alisahau vyote. Alikuwa anafurahi. Akatua kwa mgongo, puu, kama gunia la saruji lililoshushwa na kibarua mwenye kinyongo.

Halafu, koko, koko, koko, sauti ambayo mikeka ile haikuwahi kuisikia tangu itandikwe: viatu vya visigino.

"Umemuua!" mama alikuja mbio, mkoba unapepea. "Umemuua mtoto wa watu!"

"Mama, toka mkekani, mtihani haujaisha!"

"Mtihani gani wa kuvunja watu migongo? Nani kakulea wewe? Ndiyo adabu niliyokufunza?"

"Alikuwa ananipiga upanga wa kichwa!"

"Na hakukupata! Ndiyo umrushe hivyo? Mgeni wangu?" Alikuwa ameshapiga magoti, kichwa cha Lifti amekipakata. "Mwanangu, unanisikia? Unaniona? Mimi nani?"

Hewa ilikuwa bado haijamrudia. Lifti alikusanya iliyokuwepo. "Mama."

"Mama wa nani?"

"Mama mkwe."

"Huyu mzima," alisema Sensei.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Hata Miwani, aliyetakiwa na sheria abaki wima na uso wa jiwe mpaka mwisho, alikuwa wima, lakini machozi na kicheko vilikuwa vinashindana kwenye mashavu yake, na hakuna kilichokubali kushindwa.

Lifti akajizoazoa kwa kiwiko. "Mama, niache niinuke. Bado sijamaliza kumpiga."

"Bado?"

"Bado, mama. Hilo lilikuwa pigo la kwanza tu."

Kicheko kikafa. Mama aliinua macho akamtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie pale akamtazama sawasawa. Gongo lilikuwa limeinuka. Gongo lilikuwa limeshuka, kwa nguvu zote za mwanaume. Na mtoto wake alikuwa amesimama pale, paji zima, mikono mizima, akihema, akingojea jingine.

Mama akashusha macho. Kisha akaona alipo, akaona viatu vyake. Akavivua palepale, kimoja kimoja, akaupangusa mkeka kwa kitambaa chake cha mkobani pale visigino vilipoacha alama. Mama alirudi nyuma mpaka ukingoni, lakini benchi hakulifikia. Alikaa chini, miguu mitupu, mwishoni mwa mstari wa wanafunzi, viatu mapajani.

Lifti alikuwa ameshaokota upanga, lakini hakuuinua. Alikuwa anamtazama yeye.

"Unaningoja mimi?" mama akasema. "Haya, mshambulie. Na bega lisipinde. Nataka nione tena."